Uzito Uliopanda Duarani

Ndoo ilipanda tupu, lakini mchimbaji Heche na Mwalimu Sadock walizungusha winchi kwa mikono minne mpaka jasho likawatoka.

"Kamba imelowa," alisema Sadock.

"Imelowa nini, na jua hili?"

Ulikuwa mwaka 1989, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kemambo. Sadock, mwalimu wa fizikia, alikuwa likizoni, akimsaidia kaka yake Wangwe, ambaye sasa alikuwa peke yake chini ya duara, yaani shimo la kuchimbia, futi tisini. Pale, aliye chini haitwi kwa jina. Husemeshwa kwa kamba: mvuto mmoja, shusha, miwili, pandisha. Wachimbaji walisema jina likishuka duarani, wa kulipokea si binadamu peke yake.

Ndoo ya pili ilipanda tupu, nzito zaidi. Agustina, mke wa Wangwe, akatua sufuria ya uji.

"Shemeji, nitolee mume wangu."

"Usiogope. Wataalamu wanasema sehemu kubwa ya maada ya ulimwengu haionekani. Ina uzito tu. Inapita kwenye mwamba, inapita hata ndani yako."

"Inaitwaje?"

"Chembe zake bado wanazikisia. Majina yapo matatu au manne."

"Basi yaache huko huko kwenye vitabu."

Heche alicheka kidogo. "Mwalimu naye ameogopa."

Hilo lilimchoma Sadock. Walipoishusha ndoo tena, aliinamia shimo, akayaita majina hayo kama anayeita mahudhurio darasani.

"Neutrino."

Kimya.

"Aksioni."

Kimya.

"Wimpi."

Kamba ikavutwa mara mbili.

Wakazungusha, na winchi ikalia, na harufu ya chuma kilicholowa ikawajaa puani, na ndoo ilipofika juu, tupu, ikining'inia bila kuyumba, mbao za ukingoni zikabonyea moja baada ya nyingine kuelekea walikosimama, kisha ndoo ikaruka juu, nyepesi, kama iliyoshukwa na mtu.

Wakaishusha tena, na kamba ikavutwa mara mbili. Safari hii Heche alizungusha kwa mkono mmoja.

Wangwe akatokea, mzima, midomo imepauka. Agustina alimnyanyua kutoka kwenye ndoo kama anavyonyanyua mtoto wa mwaka mmoja, akashtuka, akamkumbatia asimwachie.

"Sadock," alinong'ona Wangwe, "huyo aliyetangulia, nani amempa jina?"

Walimwacha Heche kwenye winchi, wakashika njia ya nyumbani, Agustina amemshika mumewe mkono kwa nguvu, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza. Kwenye udongo laini wa kijito Sadock aligeuka kutazama nyuma. Zilikuwepo nyayo za Agustina na zake mwenyewe. Za Wangwe hazikuwepo. Na nyuma ya zake, moja moja, zikaanza kujichimba nyingine, peku, zenye kina cha kiganja.