Jina la Mwenye Hadithi

Kila alasiri Raylene Okemow alikuwa akikung'uta theluji viatuni na kwenda moja kwa moja jikoni, ambako bibi yake, Philomena, alimwekea chai na mkate wa kukaanga. Siku ile hakugusa chochote.

"Umeshakula wapi wewe?" Bibi alimtania. "Au umepata bibi mwingine?"

Raylene akaangua kilio.

Wiki hiyo Mwalimu Letendre alikuwa amewafungulia wanafunzi tovuti yenye video za wazee wa Wakri, wenyeji wa asili wa nchi yao. Walieleza utoto wao katika shule za bweni, zile ambako serikali iliwapeleka watoto kwa nguvu ili wasahau lugha yao na wazazi wao. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua video moja na kuieleza darasani. Raylene alichagua ya Madeleine Yellowknee, mama mzee aliyenyolewa siku ya kwanza, kisha akachapwa kwa kusema Kikri. Lakini asubuhi ile aliposimama na kuona wenzake wakipiga miayo, maneno yakamponyoka: "Haya yalimpata bibi yangu."

Darasa zima lilimkodolea macho. Darcy, mwanafunzi mwenzake, alinong'ona, "Mbona hujawahi kutuambia?" Mwalimu naye, machozi yakimlengalenga, akaomba Bibi aje Ijumaa.

Raylene alimweleza bibi yake yote, bila kuficha. Bibi akaweka kikombe chini.

"Huko nilipelekwa kweli," alisema. "Ila nywele zangu hawakuzikata wao. Mama alizikata mwenyewe kabla gari halijafika. Alisema mikono ya wageni haitazigusa."

Raylene hakuwahi kusikia hayo. "Bibi, basi niwaambie hilo badala yake?"

"Thubutu! Hilo ni langu. Wewe kasahihishe la kwako kwanza."

Kesho yake Raylene alisimama mbele ya darasa. "Jana nilidanganya. Hadithi ile si ya bibi yangu. Ni ya Bi Madeleine Yellowknee."

"Si nilijua!" Darcy alidakia, na wengine wakacheka. Raylene akafungua video. Sauti ya yule mzee ilipoanza, hakuna aliyecheka tena.

"Kusema ukweli mbele ya watu si kazi ndogo," Mwalimu alimwambia.

Ijumaa Bibi alikuja kwa hiari yake. Alitaja jina lake kwa Kikri, polepole, kisha akawasimulia habari za mama yake na mkasi. Alipomaliza aliwatazama watoto wote, mjukuu wake akiwa miongoni mwao.

"Kule bwenini walitunyang'anya majina, wakatuita kwa namba," alisema. "Kwa hiyo mtu akijikaza kueleza yaliyompata, msikilizeni. Na mkiyapeleka kwa wengine, mtajeni kwa jina. Mkimwondolea jina lake, wanangu, mnamrudisha kule kule."