Neno la Mwisho Mwambani

Hapa Kaş, mji wetu wa pwani ya Uturuki, hakuna anayenishinda kutia chumvi, lakini hili la rafiki yangu Rüknettin nalitoa bila hata punje.

Rüknettin alimaliza miaka ishirini kwenye neno moja, la mwisho katika maandishi ya kaburi la Walikia, watu wa kale wa huku, lililochongwa mwambani. Yeye alisema maana yake ni "amelala". Muhlis, mwanafunzi aliyemlea mwenyewe, akasema ni "anangoja", na wasomi wote wakamfuata Muhlis. Mzee hakupewa tena hata mwaliko wa mkutano. Basi adhuhuri moja akapanda hadi kaburini kuchukua nakala safi ya maandishi, ya kumfunga mdomo yule mtovu wa fadhila.

"Mwalimu, bado unalibembeleza jiwe?" akamtania Bi Döndü, mchunga mbuzi. "Ndiyo maana mkeo alikukimbia!"

"Jiwe halina ulimi kama wako, dada."

Akabandika karatasi mbichi juu ya maandishi, akaigonga kwa brashi ili izame ndani ya herufi. Ko, ko, ko. Pembeni, tundu walilotoboa wezi mlangoni mwa kaburi lilikuwa jeusi tititi. Ko, ko, ko, likajibu.

"Mwangwi," akanung'unika, akaacha kugonga.

Ko, ko.

Njuga za mbuzi zikaanza kuteremka mlima mbio. Bi Döndü hakuaga.

Karatasi ilipokauka, akaibandua. Herufi zote zilikuwa zimebonyea kuelekea jiweni, kama alivyozigonga. Neno la mwisho peke yake lilikuwa limetuna kumwelekea yeye, limegongwa kutoka ndani.