Cheni Mpya, Meno ya Zamani

Fundi Taratibu alikutwa asubuhi amelala kifudifudi kati ya benchi lake na pikipiki nyekundu, spana ingali mkononi. Damu ilikuwa imeshaganda kwenye saruji, imechanganyika na oili ya miaka mingi.

"Mdogo wake ndiye," alisema Koplo kabla Inspekta hajainama. "Jana jioni waligombana hapa, mtaa mzima unasikia. Nimeshamweka ndani. Mkubwa anataka kesho apandishwe kizimbani."

"Umemweka ndani kwa kugombana na kaka yake?"

"Afande, wa mwisho kuja huku ni yeye."

"Wa mwisho kuonekana," Inspekta alimsahihisha, akavaa glavu zake taratibu.

Karakana ilikuwa na mlango mmoja na haikuwa na dirisha. Mji nao ulikuwa hivyo hivyo: nyumba zimebanana chini ya bonde, na barabara moja tu ya kutokea, ile inayopanda mlima ambao watu waliuita Kata Pumzi. Inspekta alihamishiwa hapo, na tangu siku hiyo alijiona kama mtu aliyefungiwa kabatini.

Daktari alifunua nywele za marehemu kwa kibano. "Si nyundo. Tazama hivi vishimo, vimepangana umbali sawa. Ni kitu kizito, chenye meno."

"Msumeno?"

"Msumeno hukata. Hiki kimeponda."

Inspekta alichuchumaa kando ya pikipiki. Cheni ilikuwa mpya, inang'aa kama mkufu wa bibi harusi. Sproketi ndogo ya mbele nayo mpya. Ila ile ya nyuma, duara la chuma lenye meno linalovutwa na cheni, ilikuwa imekwisha kabisa: meno yamelika, yamepinda kama kucha za paka. Na cheni yenyewe ilikuwa ndefu mno. Gurudumu lilivutwa nyuma hadi likakosa pa kwenda, na bado cheni ilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Mwaka uliopita Inspekta alileta pikipiki yake hapa, akitaka cheni tu. Taratibu alimrudisha nyumbani. "Cheni mpya kwenye meno mabovu, mwanangu? Hiyo itakufa kabla hujaizoea. Tunabadilisha vyote vitatu, au nenda kwa mwingine." Na cheni kuukuu aliikata papo hapo, asije mtu akaiokota akairudisha barabarani.

Vipande vya cheni kuukuu vilikuwa kwenye ndoo.

"Kazi hii hakuimaliza yeye," Inspekta alisema. "Cheni ilikatwa kwa kipimo cha sproketi kubwa zaidi. Hiyo kubwa iko wapi?"

Walipekua hadi chini ya matairi. Haikuwapo.

Kule mahabusu, mdogo wa fundi alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu.

"Mligombania nini?"

"Kikohozi. Anakohoa mwezi mzima, hospitali hataki. Nikamwambia utakufa mzee, uniache na madeni ya wateja wako wasumbufu." Alijifuta pua kwa kiganja. "Afande, kesho wanamzika. Mimi ndiye ndugu pekee aliyebaki. Nisipomwingiza kaburini mimi, atamwingiza nani?"

Inspekta hakuahidi kitu. "Pikipiki nyekundu ni ya nani?"

"Ya mke wa Kinyozi."

Kinyozi aliwapokea kwa tabasamu, koti lake jeupe limepigwa pasi. Mkewe alikuwa pembeni, mtoto mgongoni, akikunja taulo.

"Pikipiki ilipelekwa kufanywa nini?"

"Kutiwa oili tu," alijibu Kinyozi. Mkewe alikuwa ameshafungua kinywa, akakifunga.

"Wewe ulifika karakana jana?"

"Mimi? Nifuate nini kwenye uchafu ule?"

Inspekta alitazama vidole vya Kinyozi. Vilisuguliwa hadi vikawa vyekundu, lakini chini ya kucha weusi haukutoka.

"Koplo, hizo ndevu zinaaibisha jeshi. Kaa unyolewe."

"Afande, nilinyoa jana."

"Kaa."

Akamtoa mke nje, wakasimama barabara inapoanza kupanda.

"Dada, hapa hasikii. Ulimwomba fundi nini?"

Mwanamke aliutazama mlima kwanza. "Aniwekee sproketi kubwa nyuma. Mbio zinapungua, lakini nguvu ya kupanda inaongezeka. Mume wangu alifunga ndogo kwa mkono wake. Nikimbeba mtoto na mzigo, kwenye kona ya pili inazima."

"Kwa miguu je?"

"Ananifikia hapo hapo kwenye kona. Ananishika mkono kwa upole, ananirudisha. Watu wananiambia, mwenzetu umepata mume." Alimpandisha mtoto mgongoni. "Mama yangu yuko ng'ambo. Mjukuu wake hajawahi kumwona."

Walirudi ndani. Koplo alikuwa na povu hadi masikioni.

"Afande, nimekaa kwa utii," alisema, "lakini hiki kiti kinanichoma makalio."

Mkono wa Kinyozi ulisimama hewani.

"Weka wembe chini," Inspekta alisema. "Koplo, simama. Inua huo mto."

Sproketi ilikuwa hapo, mpya, imefungwa kwa taulo jeupe. Kwenye meno yake palikuwa na damu iliyokauka na unywele mmoja wa mvi.

Inspekta alimsomea onyo. Kinyozi alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akaanza kusema bila kuulizwa, huku akijiangalia kiooni.

"Nilimkuta ameishika mkononi, anataka kuifunga. Nikamwambia rudisha ile ndogo. Akasema, mwenye kazi ni mkeo, aje aniambie yeye. Akanigeuzia mgongo, akainama kuchukua spana. Sproketi alikuwa ameilaza benchini, nikaiokota." Alinyoosha kola ya koti lake. "Ile ndogo niliirudisha mwenyewe. Cheni ya zamani alikwisha kuikata, ikabidi nitumie hiyo hiyo mpya."

"Kwa nini?"

"Angevuka mlima asingerudi." Alimgeukia mkewe. "Sema ukweli. Nimewahi kukupiga? Nimewahi kukukataza kwenda kwa mama yako? Sikukukataza hata siku moja."

"Hukunikataza," mkewe alisema. "Uliikataza pikipiki."

Pingu zililia. Koplo, shavu moja limenyolewa na jingine bado, alitumwa akafungue mahabusu, na mdogo wa fundi akawahi kuosha mwili wa kaka yake.

Mwanamke alimsubiri Inspekta mlangoni. "Pikipiki yangu naipata lini?"

"Ni kielelezo, dada. Mpaka kesi iishe."

Aliitikia kwa kichwa, akakaza kanga ya mtoto, akaanza kupanda kwa miguu. Kwenye kona ya pili alisimama, akageuka kutazama nyuma, kwa mazoea. Barabara ilikuwa tupu hadi chini. Akaendelea.