Vifungo Mdomoni

Kila siku baada ya shule, Kasuku alikaa karibu na cherehani akimsaidia mama yake, fundi wa nguo. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Ulinyamaza wakati wa kushona vifungo tu. Alivibana vitatu vinne midomoni, kama mama alivyobana pini zake, akajiona fundi kamili.

"Toa hivyo vifungo, mwanangu, utakuja kumeza," mama alimwambia mara kwa mara, pini zikimchezacheza mdomoni.

Kasuku alicheka, mama naye akacheka, kazi ikaendelea.

Alasiri moja mdogo wake wa miaka miwili, Kibonge, alikuwa akichezea vipande vya vitambaa sakafuni. Ghafla akatulia. Kasuku alipogeuka, alimwona amejishika shingo, macho yamemtoka, midomo inabadilika rangi. Halii wala hakohoi. Kasuku alitaka kupiga kelele, lakini mdomo wake ulijaa vifungo, na mama alikuwa amempa mgongo. Akavitema vyote.

"Mama! Kibonge kakabwa! Kameza kifungo!"

Bibi akaja mbio na kikombe. "Mpeni maji kishuke!"

"Hapana, mama, maji yatamzidishia!" Mama alimjibu bibi huku akitema pini, akamlaza Kibonge kifudifudi pajani, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Kimya. Akampiga tena na tena. Kimya. Bibi akatoka nje akiita majirani walete gari.

Akifa, Kasuku aliwaza, ni mimi niliyemwonyesha.

Mama alimsimamisha mtoto, akamkumbatia kwa nyuma, akaweka ngumi juu kidogo ya kitovu, akamvuta kwa nguvu ndani na juu. Akarudia. Kifungo cheupe kikaruka, kikabingirika hadi chini ya cherehani. Kibonge akaangua kilio. Mama aliketi sakafuni akalia naye.

Hata hivyo walimpeleka zahanati. Muuguzi alimsikiliza kifua, kisha akamwambia Kasuku, "Kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya hewa. Kitu kikiziba ya hewa, mtu hawezi hata kulia. Mapafu yakikosa hewa, moyo nao haukawii kusimama. Mama yako amefanya vizuri. Lakini nani alimfundisha huyu kuweka vifungo mdomoni?"

Kasuku aliinamisha kichwa. "Mimi."

"Na wewe nilikufundisha mimi," mama alisema. "Mwana hutazama kisogo cha nina. Nilikukataza kwa maneno, huku nikikufundisha kwa meno. Kuanzia leo tutaacha wote wawili."

Kesho yake mama alishona kimto kidogo cha kuchomekea pini, na vifungo vikapata kopo lenye kifuniko, juu kabisa ya kabati. Kasuku alishona huku akipiga soga tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hiyo hata bibi hakumwambia anyamaze.