Mikono ya Kishindo

Maiti ilikuwa imelala chali chini ya ulingo, kichwa kando ya ngazi ya chuma, miguu imenyooka kama ya mtu aliyelazwa na mtu mwingine. Mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya kifua. Ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe, safi, tayari kuingia kwenye glovu.

Inspekta alichuchumaa. Hakugusa kitu. Uso ule aliujua, na nani asingeujua? Ni Kishindo, bingwa wa ndondi wa uzito wa juu. Alipigana mara kumi na tisa, akashinda mara kumi na tisa. Siku alipotwaa mkanda alirudi nao kwenye ukumbi huu huu, akautundika kwenye msumari, na tangu hapo hakupanda ulingoni tena. Miaka kumi na miwili alikuwa akiufagia ukumbi tu, ameinama, kama hajawahi kuwa mtu.

"Ajali, afande," alisema Koplo, binti mwenye kalamu sikioni na mdomo usiopumzika. "Alikuwa anajinoa peke yake. Akateleza huko juu, akaangukia ngazi. Damu ndiyo hii. Ubingwa haumzuii mtu kuteleza."

"Amevaa nini miguuni?"

Koplo alitazama. "Ndala."

"Umeshaona mtu anapigana ndondi na ndala?"

"Labda mke na mume, afande."

Inspekta hakucheka. Alikuwa anatazama ile mikono.

Aliyeikuta maiti ni mkufunzi wa ukumbi, mzee mwembamba mwenye taulo begani, aliyeitwa Mwalimu na kila mtu, hata na wenye umri wake. Alikaa kwenye benchi chini ya picha za wanafunzi wake. Picha nyingi zilikuwa za Kishindo: Kishindo kijana, mbeba mifuko ya saruji, mabega meupe kwa vumbi, Kishindo na glovu zake za kwanza, Kishindo na mkanda, uso umekunjamana kama aliyetoka msibani.

"Pole, Mwalimu."

"Nimeshapoa. Nilimtoa kwenye saruji yule, nikamfanya mtu. Alikuwa mwanangu."

"Jana ulimwacha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Nilimwacha anafagia. Ana funguo zake."

"Alisema atafanya mazoezi?"

"Hakusema. Lakini damu ya bondia haizeeki, baba. Inampanda mtu ghafla."

"Nani alimfunga bandeji?"

"Si alijifunga mwenyewe? Bondia wa miaka yote ile ashindwe kujifunga?"

Alijibu upesi, kisha akafuta paji la uso kwa lile taulo. Mlangoni mtu aliachia ubao ukaanguka. Ko! Inspekta alishtuka hata Koplo akamgeukia.

Sauti ile ilikuwa inamfuata kwa miaka kumi na miwili. Wakati huo alikuwa konstebo tu, amepangwa kulinda kando ya ulingo siku ya pambano la ubingwa. Mpinzani wa Kishindo alikuwa kijana mtaratibu waliyemwita Mpole. Raundi ya tano Kishindo alirusha mkono wa kulia. Glovu ikikutana na mwili hulia *pu*. Ile ililia *ko*, kama gogo juu ya gogo. Mpole alikwenda chini na hakuamka. Konstebo alishika machela upande wa kichwa, na kijana alimfia mikononi kabla hawajafika kwenye gari. Umati ulikuwa bado unashangilia.

Hakumweleza mtu habari ya sauti ile. Angesema nini? Kwamba ngumi ililia vibaya?

Daktari wa maiti aliwaita mchana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wafu walikuwa wamemzoesha. Alikata bandeji ya mkono wa kulia polepole na kuitandaza juu ya meza ya bati.

"Tabaka la nje, safi," alisema. "Tabaka la ndani, mnaona?"

Palikuwa na madoa mekundu. Na chini ya kucha za Kishindo, na kwenye mikunjo ya vidole, damu ilikuwa imekauka.

"Ni ya nani?" aliuliza Inspekta.

"Yake. Aliangukia kisogo, akajishika jeraha, mikono ikalowa. Bandeji ilikuja baadaye."

"Alijifunga na fuvu limepasuka?"

"Asingeweza hata kufunga kifungo cha shati. Alifungwa na mtu. Na kingine: hakufa papo hapo. Alikuwa hai kwa nusu saa, pengine saa nzima. Angewahishwa hospitali, sisemi angepona, lakini angewahishwa."

Koplo alichomoa kalamu sikioni, akaandika.

Inspekta aliitazama ile bandeji mpaka mwisho wake. Utepe wa gundi uliofungia ulikuwa umekunjwa nchani, pembe ndogo iliyogeuzwa ndani, ili mtu apate pa kushika wakati wa kubandua. Mkono wa kushoto ulikuwa hivyo hivyo. Alizitia bandeji kwenye bahasha ya vielelezo, akaandika tarehe.

Kishindo aliishi kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani. Chumba kilijaa vitambaa, na cherehani ilikuwa na nguo nusu chini ya sindano, kama ilivyokuwa habari ilipomfikia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaeni, sogezeni hizo nguo. Mmeshajua nani amemuua?"

"Kwa nini unasema ameuawa?"

"Nimeambiwa amekutwa amefungwa bandeji." Alitikisa kichwa. "Mdogo wangu alikuwa hataki kuona bandeji. Mwaka juzi bati lilimchana kiganja, nikaja na kitambaa, akakimbilia uani kama mtoto anayeogopa sindano. Akaacha damu ikauke yenyewe. Tangu siku ya yule kijana, hakuna aliyewahi kumfunga mikono. Hakuna."

"Alikuwa akimzungumzia yule kijana?"

"Alikuwa akimsikia. Tumekaa tunakula, anainua kichwa. 'Dada, Mpole anabisha.' Nafungua mlango, upepo. Nakwambia, mwisho hata mimi nilianza kufungua bila kuambiwa." Alifuta macho kwa kipande cha kanzu ya mteja. "Kila Jumamosi anakwenda kwa mama yake Mpole, anamjazia pipa la maji. Mama hamsemeshi. Yeye anajaza, anarudi. Miaka yote hiyo."

"Wiki hii kulikuwa na jambo jipya?"

Dada alisogeza vitambaa. Kisha akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

"Kosa ni langu. Siku ile ya pambano nilikuwa nimebeba begi lake la nguo. Kila mtu alikuwa amechanganyikiwa. Mwalimu alipozikata bandeji mikononi mwake, alizitupa kwenye kona, akaitwa nje. Nikaziokota. Bandeji za bingwa! Nilitaka kumbukumbu. Nikazitia sandukuni, nikazisahau. Juzi natafuta kitambaa cha bitana, nikazikuta. Zilikuwa ngumu, zimebaki na umbo la ngumi. Nikadhani ni jasho na damu. Nikampa. Nikasema, tazama, ujana wako huu."

"Akafanyaje?"

"Akakaa nazo. Akachukua kisu, akakwangua. Unga mweupe ukamwagika mezani." Alionyesha meza kwa kidole. "Akaniambia, 'Dada, hii ni plasta ya hospitali. Ile ya kufungia mfupa uliovunjika. Sikumpiga Mpole kwa mkono. Nilimpiga kwa jiwe.' Halafu akacheka na kulia papo hapo. Akasema Jumamosi atampelekea mama yake Mpole, ajue. Nikamwambia nenda leo. Akasema, 'Hapana. Kwanza nimuulize Mwalimu. Ni baba yangu, lazima anijibu yeye.'"

"Ziko wapi sasa?"

"Ya kushoto alikwenda nayo ukumbini jana. Ya kulia ilibaki." Akatoa ganda la mkono wa kulia, la rangi ya mfupa, limejikunja kama kitu kinachosubiri kushika. Koplo alirudi nyuma hatua moja. Inspekta alilipokea kwa mikono miwili.

Walirudi ukumbini jua likiwa bado kali. Mwalimu alikuwa peke yake, anafagia mahali Kishindo alipokuwa akifagia. Koplo alisimama mlangoni. Inspekta akakaa kwenye kigoda cha kona ya ulingo, akakunja mkono wa shati.

"Mwalimu, nisaidie. Nataka kujua bondia anafungwaje bandeji. Hakimu ataniuliza nami sijui."

"Sasa hivi?"

"Kama huna kazi."

Mzee alisita. Lakini watu wengi walikuwa wamekaa kwenye kigoda kile wakamnyooshea mkono, na mikono yake ilikuwa imezoea kuliko kichwa chake. Alichukua bandeji mpya, akapiga goti.

"Tanua vidole. Hivyo. Tunaanza na kifundo."

"Kishindo naye ulianza na kifundo?"

"Wote."

"Unakaza sana."

"Ikilegea, mfupa unavunjika."

"Mfupa wake uliwahi kuvunjika?"

Bandeji ilipita juu ya kiganja, katikati ya vidole, ikarudi. "Wiki mbili kabla ya ubingwa. Mkono wa kulia. Hakujua mtu."

"Na mkono umevunjika, alimshindaje Mpole?"

"Moyo."

"Si plasta?"

Vidole vya mzee vilisimama. Kisha vikaendelea, taratibu zaidi, kama vinatafuta njia gizani. Alikata utepe wa gundi, akafungia, na bila kutazama akakunja ncha yake, pembe ndogo kwa ndani.

Inspekta alitoa bahasha kwa mkono wa kushoto. Akaweka bandeji za maiti gotini, ncha kwa ncha na ile iliyo mkononi mwake. Kando yake akaweka lile ganda.

Mwalimu aligusa ganda kwa ncha ya kidole.

"Nilichoma lile jingine," alisema. "Nilidhani yamekwisha."

"Nieleze."

"Mkaguzi wa pambano alikagua bandeji, akatia sahihi, akaondoka. Nikamwambia zimelegea, nikafungua, nikafunga upya mikono yote miwili isipishane unene, na ile plasta katikati, nimeilowesha, laini kama kitambaa mpaka ikaukie ndani ya glovu. Mkono ulikuwa mgonjwa, baba! Nilitaka ushike raundi mbili tatu. Aliniambia, 'Mwalimu, mkono mzito.' Nikamwambia, 'Woga huo, mwanangu, nenda.' Miaka thelathini nilifundisha watu wa kupigwa. Huyu mmoja tu ndiye angekuwa bingwa. Mmoja tu!"

"Na jana?"

"Alinikuta juu ya ulingo, nakaza kamba. Akapanda na lile dude. Hakugomba. Angegomba ningeweza. Aliuliza tu, 'Kwa nini hukuniambia? Ningeacha kujichukia.' Akasema anakwenda kwa yule mama. Nikamwambia utaniua, ukumbi huu utakufa, kila picha hapo ukutani itakuwa uongo. Akageuka ashuke. Nikamshika, akajivuta, nikamsukuma. Basi. Nilimsukuma mimi."

"Ulipofika chini, alikuwa anapumua?"

Mzee alianza kukusanya mabaki ya bandeji.

"Mwalimu. Alikuwa anapumua?"

"Macho yalikuwa wazi. Ameshika kichwa, anauliza raundi ya ngapi." Alikunja bandeji iliyobaki. "Nikawaza, watu wakimkuta na bandeji, watasema mazoezi. Nikazichukua. Nikapiga goti. Nilijua atanikatalia, miaka kumi na miwili hajakubali. Lakini alinipa mkono mwenyewe, baba. Akaunyoosha, akatanua vidole, kama zamani. Nikafunga. Akabadilisha, akanipa wa pili. Akaniambia, 'Usikaze sana, Mwalimu.'"

Koplo mlangoni aligeuza uso nje.

"Nikakaa naye mpaka alipotulia," alisema mzee. "Sasa kila nikifumba macho ananipa mikono. Ananipa, nafunga, ananipa tena. Haiishi."

Alinyoosha mikono yake mwenyewe, vidole vimetanuliwa. Koplo akamtia pingu.

Jumamosi Inspekta alikwenda kwa mama yake Mpole, bila sare. Pipa lilikuwa ukutani, maji yamebaki kina cha kiganja. Mama alikuwa mlangoni, mdogo, ameshika fremu ya mlango.

"Nimesikia redioni," alisema. "Kaa, usinisimulie umesimama."

Alimsimulia yote, na ile sauti pia, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Alimwambia aliyeshika kichwa cha mwanawe siku ile ni yeye. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakujua."

"Hakujua, mama."

"Alikuwa anakuja hapo, anasema, 'Hodi, mama.' Mimi nanyamaza. Anasubiri kidogo. Halafu anachukua ndoo." Alitazama pipa. "Miaka kumi na miwili, sikumwambia 'karibu' hata siku moja."

Inspekta alisimama. Alikunja mikono ya shati, akachukua ndoo.

Alikuwa hajafika kwenye bomba mlango wa bati wa uani ulipogongwa na upepo nyuma yake, mara moja. Ko. Wote wawili waligeuka. Hapakuwa na mtu.

Mama alishuka kizingitini, akaenda mpaka kwenye ule mlango, akaufungua hadi mwisho.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Karibu ndani."