Kiungo Kilichokosekana Mezani

Mlinzi wa shule ndiye aliyelikuta. Saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi, alifungua karakana ili hewa ipite, maana harufu ya gundi iliyofungiwa ndani humpasua mtu kichwa. Akatazama zile meza mbili ndefu zilizoachanishwa katikati ya chumba. Daraja lililokuwa limelala juu yake, mguu mmoja meza hii na mguu mwingine meza ile, halikuwapo. Lilikuwa sakafuni, chini ya pengo, limekatika katikati kama muwa.

Hakugusa kitu. Alifunga mlango akamfuata Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu, badala ya kuita polisi, akampigia simu dada wa baba yake.

Mama huyo alikuwa mpelelezi wa polisi mpaka alipostaafu. Siku hizi alikuwa na kuku wake, miwani yake ya kamba, na magoti yaliyojua mvua kabla ya redio. Kwa kuwa Mwalimu Mkuu alimwita Shangazi, shule nzima nayo ilimwita hivyo hivyo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeacha chai jikoni, kwa hiyo usinizungushe."

Mwalimu Mkuu hakumzungusha. Kila Jumamosi, alisema, Injinia huja na sanduku lake la vifaa kuwafundisha watoto sayansi kwa mikono. Wameshafungua redio, wameshatengeneza pampu ya maji kwa chupa. Muhula huu wamejenga madaraja ya vijiti vya mbao na gundi tupu, bila msumari hata mmoja, na jana wote walikutana tena kuyaandaa kwa ajili ya leo. Timu zilikuwa mbili. Lililoshinda kwa ustadi ni la timu ya mvulana anayeitwa Profesa, na leo saa nne, mbele ya wageni wanaoifadhili programu, mtoto wa darasa la kwanza angepita juu yake. Wageni wakiridhika, programu itaendelea mwaka mwingine, na kiongozi wa kila timu atapendekezwa kwenda shule ya ufundi ya bweni.

"Na wewe unamshuku nani?"

"Sumaku. Msichana anayeongoza timu ya pili. Lake ndilo lingepandwa kama la kwanza lisingekuwapo. Na jana jioni alirudi karakana peke yake. Injinia anashauri tumtoe kwenye programu kimyakimya na daraja lake tuliweke kando, tusije tukaonekana tunamtuza mharibifu."

"Injinia ndiye aliyeshauri hivyo?"

"Ndiye. Na alisema kwa uchungu, Shangazi. Karibu atoe machozi."

"Haya," alisema Shangazi, akavaa miwani.

Ndani ya karakana walimkuta Profesa mwenyewe amepiga magoti, macho mekundu, anaokota vipande na kuvipanga juu ya shuka jeupe mezani. Hakuvirundika. Kila kijiti alikilaza mahali kilipokuwa daraja lilipokuwa zima, hivi kwamba daraja lilianza kuonekana tena, limelala ubavu kama mgonjwa.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Nalipanga, Shangazi. Ndiyo sheria yetu ya kwanza. Injinia anasema kilichovunjika kinajua sababu yake, lakini ukikifagia hakikwambii."

Shangazi aliutazama mpangilio ule kwa muda. "Hapa mbona pako wazi?"

"Kiungo cha chini, cha katikati. Kile kibao cha pembe tatu kinachoshika vijiti vinapokutana. Nimetafuta mpaka uvunguni mwa kabati. Hakipo."

"Kitu kikivunjika, vipande huwa vinakimbia?"

"Huwa vinaruka. Lakini haviendi nje ya mlango."

Shangazi alicheka kidogo, akainama taratibu, mkono mmoja kwenye goti. Vigae vya sakafu vilikuwa vyeupe na vizima, bila mkwaruzo. Rafuni mifuko midogo ya mchanga ilikuwa imepangwa vizuri, ila mmoja ulikuwa umefumuka mshono kwenye kona. Ukutani liliegemezwa godoro la sifongo, na ubavu wake uliotazama chumba ulikuwa umechanika, sifongo imetoka kama ulimi.

"Na hili?"

"Tukilipima daraja, tunalipakia mifuko ya mchanga mmoja mmoja. Godoro tunatandika chini, mzigo ukianguka usivunje vigae. Asiyetandika godoro hapimi." Profesa alikunja uso. "Lakini limewekwa vibaya. Upande uliochanika huwa tunaugeuzia ukutani. Hata tukilitandika, huo ndio unakaa chini."

"Sikuzote?"

"Sikuzote. Hiyo ni kazi ya wanafunzi. Injinia hata haligusi, yeye husimama na kalamu yake sikioni."

Shangazi aliingiza kidole ndani ya mpasuko. Kilitoka na chembe za mchanga. Alizitazama, akazifutia kwenye gauni.

Alianza na mlinzi.

"Godoro lile jana ulililalia?"

"Mimi? Shangazi, mgongo wangu unalitamani kila siku, lakini kazi ni kazi. Hata sijalisogelea."

"Huyu Sumaku je?"

"Aliingia jua halijazama, akatoka muda si mrefu. Mikono mitupu. Akaniaga vizuri tu, 'Usiku mwema, baba.' Nikafunga, nikaenda zangu lango la nyuma, kule kwenye matangi. Huko ndiko ninakolinda zaidi, maana vibaka wanapenda koki."

"Mlango wa mbele nani alikuwa anauona?"

Mlinzi alijikuna kisogo. "Mungu."

"Na ufunguo?"

"Mmoja ninao mimi. Mwingine anao Injinia."

Msichana aliyeitwa Sumaku alikuwa amewekwa ofisini, kwenye kiti cha wazazi, miguu haifiki chini vizuri. Jina lile alipewa kwa sababu kila kitu kidogo cha chuma kilimganda.

"Toa vya mfukoni," alisema Shangazi.

Zilitoka nati mbili, springi, kipande cha waya, sumaku ya spika, na nusu biskuti.

"Biskuti nayo ni chuma?"

"Hiyo ni ya dharura, Shangazi."

"Kiungo cha mbao hakimo."

"Nikifanyie nini? Mbao hainigandi." Alijaribu kucheka.

"Jana ulirudi kufanya nini?"

"Kukandamiza viungo vya daraja letu. Niliona nikilala sitapata usingizi. Gundi ya safari hii ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nilimwambia Injinia, akasema itakauka tu, nisiwe na shaka."

"Daraja la Profesa ulilikutaje?"

"Zima. Nilisimama nikalitazama. Ni zuri kuliko letu, viungo vyake vimekaa kama meno ya mtoto."

"Ukaona wivu."

"Niliona. Ninao mpaka sasa. Lakini wivu wangu unataka kulishinda likiwa limesimama, Shangazi. Lililolala nitalishinda vipi?" Akapangusa pua kwa mkono. "Mama ameshampa mdogo wangu kitanda changu. Ameshawaambia majirani wote naenda shule ya ufundi. Nikirudi leo nikaitwa mharibifu, nitalala wapi? Sisemi kitanda."

Shangazi alimrudishia biskuti yake. "Kula. Dharura imefika."

Shangazi alimkuta Injinia nje, karibu na bomba, ananawa mikono ambayo ilikuwa safi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ovaroli yake imefuliwa mpaka imepoteza rangi.

"Watoto hawa nawapenda kama wangu," alisema kabla hajaulizwa.

"Naona. Jana uliondoka saa ngapi?"

"Niliondoka pamoja nao, kengele ilipogonga. Waulize."

"Nimeshaambiwa. Sasa nakuuliza, ulirudi?"

Maji yaliendelea kutiririka. "Hapana."

"Gundi iliwatosha?"

"Iliwatosha wote," alisema, akafunga bomba kwa nguvu kuliko lilivyohitaji.

Saa tatu na nusu Shangazi aliomba wote wakutane karakana: Mwalimu Mkuu, mlinzi, Injinia, Profesa na Sumaku. Mwalimu Mkuu alikuja na kitinda mimba wake, Kidoti, ambaye ndiye mtoto wa darasa la kwanza aliyechaguliwa kupita darajani. Kidoti alivaa viatu vipya na alikuwa anavihesabia kila kigae.

"Sina ushahidi wowote juu ya msichana huyu," alisema Shangazi. "Kurudi kazini si kosa. Kwa hiyo wageni wakija, daraja lake ndilo litakalopandwa. Lileteni hapa mezani. Profesa, tandika godoro."

Profesa alilitandika, upande mzima juu. Wakaliweka daraja la pili juu ya pengo. Shangazi akamshika Kidoti mkono, wakatembea mpaka kwenye ngazi ndogo kando ya meza.

"Tujaribu kidogo kabla ya wageni. Inua mguu, mama."

Kidoti akainua kiatu chake kipya.

"Asipande!"

Injinia alikuwa ameshavuka chumba. Amenyoosha mikono yote miwili, uso umempauka.

Shangazi hakumwachia mtoto. Mguu ulishushwa chini, kwenye kigae. "Kwa nini asipande?"

"Ni... halijapimwa."

"Hujalipima hili. Basi umejuaje kwamba litaanguka?"

Injinia alishusha mikono.

"Mwanangu," alisema Shangazi kwa sauti ile ile aliyoitumia kumuuliza mlinzi habari za godoro, "anayevunja kwa chuki huja na teke. Hatandiki godoro. Vigae hivi havina alama, na mchanga uko ndani ya mpasuko. Kwa hiyo daraja lile halikuharibiwa, lilipimwa. Aliyelipima alijua godoro lazima litandikwe, lakini hakuwa na mazoea ya kulitandika, akaliweka kichwa chini miguu juu. Wanafunzi hawakosei hapo, ni kazi yao ya kila wiki. Mlinzi hajui hata godoro ni la nini. Halafu kuna kiungo. Nimejiuliza, kibao kisicho na thamani nani atakitaka? Yule tu ambaye kibao hicho kingemtaja. Na aliyetaka Sumaku atolewe hakumchukia Sumaku. Alitaka daraja la pili nalo lisipandwe."

Injinia alifungua kifungo cha mfuko wa ovaroli, akatoa kibao cha pembe tatu. Kilikuwa laini upande mmoja. Hakikuvunjika wala kuchanika nyuzi za mbao. Gundi ilikuwa imebanduka kama ganda la yai lililochemshwa.

"Jumamosi iliyopita gundi ilibaki robo kopo," alisema. "Watoto wako mezani, wameshakata vijiti. Ningewaambia turudi wiki ijayo, lakini wiki ijayo ndiyo wageni. Nikaongeza maji. Huyu," akamwonyesha Sumaku kwa kidevu, bila kumtazama, "aliniambia ni nyepesi. Jana maneno yake yalinifuata mpaka nyumbani. Nikarudi. Nikapakia mifuko. Lilianguka kabla hata halijafika uzito wa mtoto."

"Ungesema!" Mwalimu Mkuu alipaza sauti, mkono wake umeshafika begani kwa Kidoti.

"Ningesema nini? Kwamba mwalimu anayewafundisha kupima kabla ya kudai alitia maji kwenye gundi? Wageni wangefunga programu siku hiyo hiyo. Nikafikiri, mtoto mmoja akitolewa, wengine wote watabaki."

"Ulimwopoa mtoto mmoja," alisema Shangazi, "ukamsukuma mwingine majini."

Mwalimu Mkuu alimgeukia Sumaku, akasema mbele ya wote, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza." Sumaku aliitikia kwa kichwa tu, biskuti bado mkononi.

Ndipo Profesa akasogea mbele. Wote walidhani atalia, au atatukana. Alikuwa ameshika chaki.

"Lilianguka kwenye mfuko wa ngapi?"

Injinia alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Wa nne."

"Lilitoa sauti kwanza?"

"Lilitoa. Kwenye wa tatu. Kama mtu anayevunja vidole."

"Upande gani?"

"Wa dirishani."

Profesa aliandika ubaoni. Sumaku akaja, akakichukua kile kibao kwenye kiganja cha Injinia, akakigeuza kwenye mwanga.

"Daraja tungelijenga tena," alisema. "Sababu uliyoificha ndiyo tuliyokuwa tunakuja kila Jumamosi kuitafuta."

Injinia alikaa juu ya sanduku lake la vifaa. Alionekana mfupi.

Sumaku alikwenda mezani na kukilaza kiungo pale palipokuwa wazi, katikati ya vijiti. Kiliingia sawasawa. Yeye na Profesa walilitazama daraja lile lililokamilika likiwa limevunjika, na kwa mara ya kwanza muhula ule wakasimama upande mmoja wa meza.

Honi ililia langoni. Mlinzi alikimbia kufungua. Wageni waliingia wakipunga nyaraka kujipepea, wakatabasamu, wakaangalia huku na huku.

"Na lile daraja la kupandwa na mtoto liko wapi?" aliuliza mkubwa wao.

Mwalimu Mkuu alimtazama Shangazi, naye Shangazi alikuwa anasafisha miwani yake. Aliyesimama ni Injinia.

"Lilianguka," alisema. "Niliyeliangusha ni mimi, na sababu ya kuanguka kwake ni mimi pia. Nilitia maji kwenye gundi yao, kisha nikaficha. Mtakaloamua juu yangu ni haki yenu. Lakini naomba kwanza muwasikilize hawa."

Mgeni yule alikuwa ameshainama mezani, pua karibu iguse kile kiungo.

Profesa alikwenda ubaoni. Sumaku alichuchumaa kulikagua godoro, akalinyoosha pembe, akasimama, akachukua mfuko wa mchanga kwa mikono miwili na kuutua polepole juu ya daraja lake mwenyewe.

"Mfuko wa kwanza," alisema. "Nyamazeni kidogo, tafadhali. Linaweza kusema kitu."