Skrubu Moja Juu ya Rangi

Kila siku akitoka shule, Tyra alikuwa na desturi isiyobadilika. Alivua viatu mlangoni, akapaka siagi kwenye mkate mkavu, akaula huku amesimama, kisha akavaa ovaroli kuukuu ya baba yake, mikono ameikunja mara nne, na kwenda zake gereji. Majira yote ya baridi yalimkuta humo. Nje theluji ilifika madirishani, na ndani, chini ya taa, lilikuwepo gari.

Gari lenyewe lilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Baba yake, Torbjörn, alilitoa katika banda la mjomba wake likiwa na viota vya panya kwenye viti. Lilikuwa la Elvira, dada yake Tyra, ambaye mwezi wa Machi alitimiza miaka kumi na mitano. Kijijini Granträsk basi hupita mara mbili kwa siku, na likikupita limekupita. Kwa hiyo vijana wa huko hufanya kama walivyofanya wenzao wa zamani. Huchukua gari kuukuu, hulikata nyuma likawa pikapu, hulifunga mwendo lisizidi kilomita thelathini kwa saa, hulitundikia pembetatu nyekundu mgongoni, na sheria hulihesabu kuwa trekta. Wao wenyewe huliita epa.

Mwendeshaji alikuwa Elvira, lakini rangi ilikuwa ya Tyra. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mkono mtulivu kuliko wote nyumbani. Alivipiga msasa vyuma vya chini, akapaka buluu, akangoja ikauke, akapiga msasa tena, akapaka tena, hadi mara tatu. Baba yake alimcheka.

"Huko chini nani atapaona, mwanangu?"

"Mimi nitapaona," alijibu Tyra.

Basi, mwishoni mwa Aprili, wakawa wanafunga nyaya za nyuma. Baba alimkabidhi waya mmoja mweusi, mwishoni una pete ya chuma.

"Huu ni waya wa ethi wa geji ya mafuta," alimwambia. "Umeme ukishafanya kazi yake tangini, unarudi hapa, kwenye bodi la gari. Ila umeme haupiti kwenye rangi. Mahali pa skrubu pakwangue mpaka chuma king'ae, ndipo ufunge. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba."

Tyra akaingia uvunguni mwa gari na kipande cha msasa mkononi. Akaitazama ile buluu inavyong'aa. Mara tatu! Jioni ngapi zilikwenda hapo! Aliionea huruma kama mtu anavyomwonea huruma kuku aliyemlea mwenyewe. Akaiweka pete juu ya rangi, akakaza skrubu, akajiambia kwamba skrubu nayo ni chuma, itapenya tu.

"Umekwangua?" aliuliza Baba kutoka juu.

"Nimekwangua."

Neno moja tu. Wala halikumkwama kooni.

Wiki ya kwanza epa ilikuwa malkia wa kijiji. Elvira alikwenda nayo shule, na Jumamosi na Jumapili alikwenda nayo kukamua ng'ombe kwenye shamba la Hedlund, kilomita kumi na moja kutoka nyumbani. Kisha geji ikaanza vituko. Asubuhi mshale unaonyesha robo tangi, jioni umelala chini kabisa. Gari likiingia shimoni unaruka hadi nusu, halafu unalala tena. Elvira akaacha kuuamini. Jumapili moja ulilala kama kawaida yake, naye akaucheka, "Lala zako, nimekuzoea!" akaendelea na safari. Kumbe siku hiyo ulikuwa unasema kweli. Epa ikazimika katikati ya msitu, na Elvira akatembea kilomita nne huku manyunyu ya theluji yakimpiga usoni, akafika na kukuta ng'ombe wanalia kwa viwele vilivyojaa.

"Ni mara ya pili nachelewa," alisimulia jioni mezani, macho mekundu. "Hedlund kasema nikichelewa tena anatafuta mtu mwingine. Na wa kulaumiwa namjua!"

"Nani huyo?" aliuliza Baba.

"Maj-Lis!"

Tyra alikuwa anakula viazi. Akakiponda kiazi kwa uma, akakiponda tena.

Maj-Lis alikuwa mama wa miaka sabini na mmoja, mwenye uwanja wa magari mabovu nyuma ya kanisa. Wakati wa baridi walipolifungua tangi la epa, walikuta geji ya ndani, ile yenye boya linaloelea juu ya petroli, imeliwa na kutu. Wakanunua nyingine kwake, iliyotumika. "Hii nzima, nimeipima mwenyewe," alisema, na hakuna aliyedai risiti, kwa sababu hakuna aliyewahi kudai. Miaka arobaini watu walinunua kwa neno lake.

"Katuuzia takataka yule bibi," alisema Elvira huku anatoa simu. "Naandika kwenye kundi la wenye epa. Tuko watu mia nne humo. Sikilizeni: 'Msinunue kitu kwa Maj-Lis. Katuuzia geji mbovu na alijua ni mbovu.'"

"Hilo la 'alijua' umelitoa wapi?" aliuliza Baba.

"Si alisema ameipima!"

"Elvira, maji yakimwagika hayazoleki. Usitume kwanza. Kesho nitamwita aje ajionee mwenyewe. Akishaondoka, andika utakalo."

Kesho yake Tyra hakusikia hata neno moja la somo la hesabu. Alikuwa amepanga kukimbia nyumbani kengele ikilia, aingie uvunguni, akwangue rangi haraka haraka kabla mtu hajafika, na mambo yaishe kimya kimya. Alikimbia mpaka mbavu zikamchoma. Lo! Gari la Maj-Lis lilikuwa tayari uani, na mwenyewe anashuka na kisanduku chake cha vifaa.

"Karibu kahawa," alisema Baba.

"Baadaye. Kahawa ya kabla ya kazi ni ya mawaziri."

Elvira hakungoja. "Geji yako mbovu, Maj-Lis. Nimeshaandika kila kitu kwenye simu, bado kutuma tu."

"Huenda ni mbovu," alisema yule mama, wala hakupandisha sauti. "Mimi sijaona, nawe hujaona. Tuone." Akavaa glavu. "Kasoro ya geji ina nyumba nne za kulala. Mshale wa dashibodi, waya unaokwenda nyuma, geji iliyo tangini, na ethi. Tunabisha hodi moja moja. Ukianza kubadilisha vitu kabla ya kupima, utanunua uwanja wangu wote na kasoro utaiacha palepale."

Akalala chali kwenye kipande cha boksi, akachomoa ule waya unaotoka kwenye dashibodi, akauvuta mbali na tangi, akaugusisha kwenye bolti safi ya chuma.

"Elvira, fungua swichi, usiwashe injini. Mshale unasemaje?"

"Unapanda... Umejaa! Umefika juu kabisa!"

"Na nikiuondoa?"

"Umelala."

"Basi mshale mzima na waya mzima. Nyumba mbili hazina mtu." Maj-Lis akajitoa uvunguni, akajifuta mikono. "Zimebaki mbili, geji yangu na ethi. Ethi nani aliifunga?"

"Tyra," alisema Baba. "Nilimwambia akwangue rangi. Nikamuuliza, akaniambia amekwangua."

Maj-Lis akamgeukia Tyra. Hakumtazama kwa ukali hata kidogo. Tyra alitamani angemtazama kwa ukali.

"Kama mtoto amesema amekwangua, amekwangua," alisema. "Basi ni mimi."

Hapo akavua glavu polepole, kidole kwa kidole. "Nimezeeka, Torbjörn. Labda nilipima moja nikawapa nyingine. Nisameheni. Pesa zenu nitarudisha leo hii. Nawe binti, andika ulichotaka kuandika. Ila lile neno la kwamba nilijua, lifute, maana sikujua."

Elvira alikuwa ameshika simu, kidole gumba kiko juu ya kioo. Hata yeye alionekana kusita. Lakini akaikumbuka ile njia ya msituni, akakunja uso, akakishusha kidole.

"Usitume!" Tyra alipiga kelele hadi sauti ikamkatika. "Usitume, Elvira! Sikukwangua!"

Wote wakamgeukia.

"Nilidanganya. Niliionea huruma rangi. Nilifunga juu yake, Baba akauliza, nikasema nimekwangua. Maj-Lis hana kosa." Machozi yakamtoka, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Hakuwahi kuona aibu kama ile.

"Tyra we!" alisema Elvira. "Nimetembea kilomita nne! Nne! Na wewe unanitazama tu unakula viazi!"

Baba akakaa juu ya tairi, na uso wake ulionyesha kwamba ameumia.

"Msasa uko wapi?" aliuliza Maj-Lis.

Tyra akauleta. Akaingia uvunguni mwenyewe, akafungua skrubu, akaivua pete. Chini yake buluu ilikuwa nzima, haijachunwa hata kidogo. Alikwangua. Vumbi la buluu lilimwangukia mashavuni likachanganyika na machozi, naye akazidi kukwangua mpaka chuma kikang'aa. Akarudisha pete, akakaza skrubu.

"Fungua swichi," alisema Maj-Lis.

Mshale ukapanda taratibu, ukapita robo, ukapita nusu, ukatulia hapo, ilipofikia petroli aliyotia Baba jana. Baba akaitikisa epa kwa mikono miwili. Mshale haukuruka.

Elvira akafuta ule ujumbe mbele ya wote, neno kwa neno. "Nisamehe, Maj-Lis," alisema. "Ningekuchafua bure."

"Ulikuwa na hasira, na miguu inauma. Lakini kasoro hutafutwa kwa kupima, binti. Hasira haina mita." Akamwita Tyra akae karibu naye kwenye benchi, kwa kuwa sasa kahawa ilikuwa imeletwa, na maandazi ya mdalasini. Tyra alipewa andazi, akalishika tu mkononi.

"Sikiliza nikuambie," alisema yule mama. "Nyaya nilizipima kwa sababu hazina mdomo. Wewe sikukupima. Ulikuwa umeshasema, nikaamini, nikajihukumu mwenyewe mbele yako. Ndivyo watu tunavyoishi. Mtu akitoa neno, wenzake wanasimama juu yake kama daraja. Kutokwangua lilikuwa kosa dogo, umeona, dakika tano limekwisha. Uongo ndio uliomtembeza dada yako msituni. Uongo ndio ungenivunjia jina la miaka arobaini. Lakini umesema ukweli kabla sijatoka hapa uani, mbele yetu sote, na hilo si jambo rahisi. Mimi nimekusamehe."

"Mimi nitamsamehe Jumamosi," alisema Baba. "Ataamka saa kumi na moja alfajiri, aende na dada yake kwa Hedlund, amweleze kwa kinywa chake kwa nini ng'ombe wake walichelewa kukamuliwa. Sawa, Tyra?"

"Sawa, Baba."

"Na akamue pia!" alidakia Elvira, lakini tayari alikuwa anamsogezea mdogo wake kikombe cha maziwa.

Maj-Lis akainuka, akakusanya vifaa vyake. Alipofika karibu na epa alisimama.

"Tyra, ile skrubu umeikaza mpaka mwisho?"

Tyra akafungua mdomo kujibu. Kisha akaufunga. Akaliweka andazi mezani, akachukua bisibisi, akaingia uvunguni.

"Bado," ilitoka sauti yake huko chini. "Ilibaki nusu mzunguko."